Watu wa Edwin Walitoka Wapi

Gakii mwanangu,

Ni saa kumi jioni na mama yako yuko chumbani kwako anakunja upya nguo ulizokwisha kukunja. Nimemsikia akikutajia sweta, vyeti, dawa ya mafua, na namba ya binti wa jirani anayeishi huko unakokwenda. Sitarudia hayo. Nimekaa kwenye meza niliyokuwa nikisahihishia madaftari, ingawa ni miaka sita sasa sijashika daftari la mwanafunzi. Nina jambo moja la kukuambia, na siwezi kulisema ukiwa umenikazia macho.

Mwezi wa sita, siku chache kabla Edwin hajarudi kwao Uingereza, binamu yako Mutwiri alimwona mjini Meru. Ulishangaa. Edwin alikuwa anakaa Embu. Kilichomleta Meru ni nini, na akifika Meru, mbona asije hapa Nkubu kuniaga? Uliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisema pengine alikuwa na haraka. Mara ya pili nilisema wazungu ndivyo walivyo, kuaga hawakufundishwa. Zote mbili zilikuwa uongo. Mimi ndiye niliyemwita Meru, nikamwambia aje peke yake na asikuambie. Na najua hajakuambia mpaka leo, maana angekuambia ungenirukia. Sitaki ushuke kwenye ndege umkute amelibeba peke yake.

Ilianza Aprili, siku uliyomleta nyumbani. Mvua ilikuwa inanyesha, na kaka yangu, Baba Mutwiri, alikuwa amekalia kiti changu kama kawaida yake ya kifungua mimba. Alingoja Edwin amalize mukimo, halafu akaweka fimbo kando.

"Kijana, wewe ni wa mwiriga gani?"

Ulimtafsiria: ukoo gani. Edwin akatabasamu. "Sisi ni Waingereza tu."

"Hiyo nimesikia. Hata mimi ni Mkenya. Nauliza mwiriga."

"Hatuna, mzee. Sisi tumekuwa pale siku zote."

Wewe ulicheka, ukainuka kuongeza chai. Baba Mutwiri aliniangalia, nami nikamwangalia. Hakuna watu duniani waliokuwa mahali siku zote. Hapa kwetu hata mtoto wa darasa la nne anajua kwamba tulitoka Mbwaa, kwamba kulikuwa na watu wa nguo nyekundu waliotutesa, kwamba tulivuka maji usiku na kutembea mpaka tukauona mlima. Kama yote hayo ni kweli au wazee waliyapunguza hapa na kuyaongeza pale, mimi sijui. Nimefundisha historia karibu maisha yangu yote na bado nina maswali. Lakini mtu anayesema hakutoka popote, nilijiambia, ama amesahau ama anaficha. Na huyu hakuonekana msahaulifu.

Kisha, kaka yangu alipoanza kumhesabia watu wa nyumba yetu, Edwin alitoa kitabu kidogo cheusi mfukoni akaanza kuandika. Chai yangu ilipoa hapo hapo.

Sijawahi kukueleza kitabu kinanifanya nini. Babu yangu alitusimulia kwamba akiwa kijana, alikuja Mwingereza mmoja nyumbani kwao na karani wake. Mtu mpole sana, alisema babu, aliyekubali kukalia kigoda na kunywa uki, pombe yetu ya asali. Akauliza majina. Mlima ule unaitwaje, mto ule, ukoo gani unalisha wapi, mpaka wa nani na nani ni upi. Babu na baba yake walifurahi kwamba mtu mkubwa hivyo anataka kujua mambo yao, wakamwambia yote kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Miaka baadaye majina yale yale yalirudi yakiwa mistari kwenye karatasi, na malisho ya upande wa baridi, ule wa kuelekea Timau, yalikuwa ng'ambo ya mstari, upande wa walowezi. Babu hakuwahi kusema Mwingereza yule alimdanganya. Alisema, "Mimi ndiye niliyemtajia."

Basi nilipomwona Edwin anaandika, akilini nilimwona yule mwingine kwenye kigoda. Sikukuambia. Niliamua kufanya kwa Waingereza kile walichotufanyia sisi: kuwachunguza.

Na hapo niligundua aibu yangu ya kwanza kama mwalimu. Miaka yote ile nilichora ubaoni mishale ya Wabantu kutoka magharibi, ya Waniloti kutoka kaskazini, ya Wakushi kutoka upande wa Pembe ya Afrika. Kila kabila la Kenya lilikuwa na mshale wake. Waingereza hawakuwa na mshale. Katika vitabu vyetu walitokea tu, tayari wamepanda meli.

Nilikwenda maktaba mjini asubuhi baada ya asubuhi, na nyumbani nikaendelea kwenye simu mpaka mama yako akalalamika. "Baba Gakii, wachana na hao watu wa mashua, njoo ule."

Nitakueleza nilichokipata, kwa sababu unakwenda kuishi kati yao, na hawatakueleza wenyewe. Wengi wao hawajui.

Mwanzoni walikuwepo watu wengine kabisa katika kisiwa kile, Wabritoni, na lugha iliyozaliwa na yao ingali inasemwa kule upande wa magharibi, Welisi. Warumi wakaja wakawatawala kwa karne kadhaa, kisha wakaondoka. Ndipo wakavuka bahari ya kaskazini watu kutoka pwani ambazo leo ni Ujerumani na Denmark: Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Makabila, Gakii. Makabila kabisa, yenye machifu na mikuki na miungu ya miti. Hilo jina England ni nchi ya Waangli, jinsi sisi tunavyosema Umeru.

Walifikaje? Masimulizi ya zamani, yaliyoandikwa na watawa wa huko, yanasema kwamba mfalme mmoja wa Wabritoni alichoka kuvamiwa na majirani zake, akawaalika wageni wachache waje wamlinde. Wakaja, wakaangalia, wakaona udongo ni mnono na wenyeji ni wanyonge, wakatuma habari kwa ndugu zao. Nilipofika hapo niliiweka simu chini nikatoka nje kutembea. Wageni wachache, wapole, wamealikwa. Kisha ndugu zao. Hadithi hiyo mimi niliijua kabla ya kuisoma.

Halafu nikakutana na asili ya hilo jina Welsh, wanaloitwa watu wa Welisi mpaka leo. Ni neno ambalo waliokuja waliwapa waliowakuta, na maana yake ni mgeni. Mtu ametoka kwenye mashua juzi, anamwita mwenye nyumba mgeni! Nilikwenda jikoni kumsomea mama yako, nikicheka kwa hasira. Yeye hakucheka. Alikuwa anachambua pojo alizotumiwa na dada yake kutoka Kiritiri, kwao Mbeere.

"Na mimi nilipoolewa hapa," akasema, "shangazi zako waliniitaje?"

Nilirudi mezani. Walimwita yule Mmbeere wa makaa. Miaka mitano walimwita hivyo, nami nilisikia.

Lakini sikuacha. Baada ya hao wakaja Wadeni na jamaa zao kutoka Norwei, wakachoma, wakaiba, wakaoa, wakalima. Baada yao Wanormani kutoka Ufaransa, ambao nao walikuwa vizazi vya mabaharia wa kaskazini waliolowea huko Ufaransa. Kila nilipofunua nimtafute Mwingereza mwenyewe, yule wa siku zote, chini yake nilimkuta mtu mwingine aliyekuja kwa mashua. Siku hizi wapo wanaochunguza mifupa ya makaburi ya kale, na wanasema waliokuja hawakuwafuta waliowakuta, walichanganyika nao. Kwa ndoa au kwa nguvu, mfupa hausemi. Na hata hayo sikuyameza bila kuyatafuna, maana nilijiuliza ni nani anayechunguza, na anataka nijue nini.

Hata jina Edwin. Hapa Meru tuna akina Edwin kila mtaa, na tulidhani ni jina la Kikristo kwa kuwa lilikuja na misheni. Kumbe ni jina la hao hao wa mashua, la tangu kabla hawajajua kubatizwa. Maana yake ni kitu kama rafiki wa mali. Nililipigia mstari chini.

Kufikia Juni nilikuwa na karatasi tatu za fulskepu zilizojaa maswali. Nikampigia simu.

Tulikutana katika hoteli ndogo nyuma ya soko la Meru. Alikuja kwa shati safi, akanisalimia "Muga" kwa Kimeru, nami moyoni nikasema, huyu amefunzwa. Nikamkalisha mbele yangu kama mwanafunzi aliyeshikwa na karatasi ya mtihani, nikavaa miwani, nikamsomea. Watu wako ndio walioalika au ndio walioalikwa? Ulituambia mmekuwa pale siku zote, je, ulijua ni uongo ulipokuwa unasema? Wewe ni Muangli, Msaksoni, Mdeni, au Mnormani? Watu wa meza ya pili walianza kugeuka.

"Mwalimu, sijui," akasema.

"Hujui au hutaki?"

"Sijui."

"Toa kile kitabu."

Akakitoa. Hakusita, na hilo nalo lilinitia shaka. Nilikifungua mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sisi. Alikuwa ametuchora kama mti, kwa herufi za kujifunza, na kando ya kila jina ameandika namna ya kuita. Baba Mutwiri: mwite Baba, usimwite Uncle. Mama Gakii: kwao Kiritiri, muulize habari za mbuzi wake. Pembeni kabisa palikuwa na jina la dada yangu, Karimi, na alama ya kuuliza, kwa sababu siku ile hakuna aliyemwambia lolote zaidi ya jina.

Nikafunua. Ukurasa wa pili ulikuwa na jina lake mwenyewe chini. Juu yake baba yake. Juu ya baba yake hapakuwa na kitu. Ulikuwa mweupe mpaka ukingoni.

"Na hapa?"

"Baba yangu alilelewa kwenye nyumba ya watoto wasio na wazazi. Aliachwa pale akiwa na wiki chache. Jina letu la ukoo walimpa wao. Ni jina la barabara." Alikuwa ameweka kiganja juu ya ule ukurasa. "Watu wakimuuliza baba kwao ni wapi, hujibu hivyo, kwamba tumekuwa hapa siku zote. Wanacheka, na maswali yanaisha. Mzee aliponiuliza, nilijibu kama baba."

Gakii, mtu mwenye akili angeomba radhi hapo, akaagiza chai nyingine. Mimi nilivua miwani nikamwambia, "Hiyo ni hadithi nzuri."

Hakuelewa kwanza. Nikaongeza, "Mtu anaweza kuacha ukurasa mtupu kwa sababu nyingi."

Akaelewa. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alifunga kitabu polepole, akasimama, akanipa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, vile ulivyomfundisha, na akasema, "Asante kwa chai, Mwalimu." Akatoka. Huko stegi ya matatu ndiko Mutwiri alikomwona.

Nilibaki pale nikijipongeza. Nataka ujue hilo pia. Kwa muda wa kama nusu saa nilijiona mshindi, Mmeru wa kwanza kumwuliza Mwingereza maswali mpaka akakosa jibu. Kilichonisumbua baadaye, nilipokuwa napanda boda boda kurudi nyumbani, hakikuwa ule ukurasa mweupe. Kilikuwa ile alama ya kuuliza kando ya jina la Karimi.

Shangazi yako Karimi unamjua kama mwanamke wa migomba kule Mitunguu, anayekuja kwetu kukiwa na msiba tu, anakaa na akina mama upande wa jikoni, na kuondoka kabla sijamfikia. Ukiwa mdogo uliniuliza kwa nini hana mume. Nilikuambia alipenda shamba kuliko watu.

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika duka la vitambaa huko Maua. Huko akapendana na kijana aliyeitwa Salim, dereva wa lori la baba yake. Watu wa Salim walikuwa Waislamu, wamekaa Maua vizazi vitatu, na Kimeru chao cha Igembe kilikuwa kizito kuliko changu. Dini ilikuwa kikwazo, sikatai, lakini nyanya yako, pamoja na kanisa lake lote, alisema neno ambalo sikulitarajia: "Ya dini tutakaa tuongee. Kwanza nijue ni watu wa wapi." Akanigeukia. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu mwaka huo. "Wewe umesoma. Nenda ukaulize."

Nilikwenda Maua. Nilikaa saa mbili tu. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikiangalia nyumba yao, mabati yake, kanzu zilizoanikwa, mlango wa buluu. Baba yake Salim aliniona, akatoka mpaka barazani. "Karibu ndani, mwanangu, jua ni kali." Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Niliogopa kula kwao, kana kwamba nikila nitakuwa nimekubali. Nikaenda kwa mwenye duka la jirani yao nikamuuliza yeye.

"Hao?" akasema. "Hao hawana kwao. Babu yao alikuja na msafara wa wachuuzi, hakuna ajuaye alitoka wapi. Leo wako hapa, kesho wamehama."

Baadaye sana nilikuja kusikia kwamba mtu huyo aligombana nao kuhusu mpaka wa ploti. Sikumuuliza kama ana neno nao. Niliyabeba maneno yake mpaka nyumbani nikayaweka mbele ya wazee kama utafiti, na nikaongeza yangu, kwamba mtu asiye na asili atakuachia binti na watoto na kupotea. Wazee walikubaliana nami, wakasifu elimu. Salim alioa kwingine. Karimi aliniuliza swali moja tu, tukiwa wawili mtoni: "Uliingia ndani?"

Nikamwambia ndiyo.

Uongo huo una umri mkubwa kuliko wewe.

Mwezi wa tisa, ulipotuambia kwamba wewe na Edwin mmeamua mwezi wa kufunga ndoa, na mama yako akapiga vigelegele, mimi nilisema "sawa" nikatoka nje. Ulidhani ninakupinga. Nilikuwa ninaona haya. Wiki iliyofuata nilishuka Mitunguu. Karimi alikuwa shambani, amevaa gambuti, ameinama kwenye bomba la maji linalovuja.

Aliniona akanyooka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umepotea njia."

Nikamwambia pale pale, nimesimama kwenye matope, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nikamwambia sikuingia ndani. Aliinama tena akaendelea kukaza bomba.

"Nilijua," akasema. "Salim aliniambia siku ile ile. Baba yake aliweka sahani, akakungojea mpaka wali ukapoa. Mimi nilikuuliza ili nione kama utaniambia."

Nikamweleza habari za Edwin, zote, pamoja na yale maneno ya hoteli. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Nilipomaliza alijipangusa mikono kwenye leso.

"Yule wa dukani alikuambia babu yao hana kwao. Sawa. Na nyanya yao?"

"Nyanya yao?"

"Mama yake baba yake Salim. Alikuwa binti wa Igembe, wa kutoka Laare. Baba yake alikuwa mzee wa kimila anayeheshimika. Siku ile ulipokuwa umesimama barabarani, huyo mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, anachambua maharagwe. Ungemuuliza mwiriga angekuhesabia mpaka Mbwaa."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa mfereji. Gakii, nilikuwa nimetumia miezi kuhesabu wanaume wa mashua, nani alivuka, nani alishinda, nani alimfukuza nani. Na kule kisiwani kulikuwa na wanawake pia, waliokutwa majumbani mwao, ambao lugha yao ilikufa na watoto wao wakaitwa Waangli. Sikuwatafuta hata siku moja. Vitabu havikuwataja sana, na mimi sikuwauliza.

Nikamwomba Karimi msamaha. Aliniangalia kwa mara ya kwanza siku ile, uso kwa uso, kwa namna ambayo mtu huangalia noti anayodhani ni bandia.

"Uweke hapo," akasema. "Nitauangalia. Sasa nenda, zamu yangu ya maji inaisha saa nane."

Niliondoka. Sikujua, na mpaka sasa sijui vizuri, kama alikubali.

Jioni hiyo nilimwandikia Edwin kwenye simu. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho yakabaki maneno matatu: Edwin, nilikukosea, nisamehe. Jibu lilikuja kesho yake. Alisema, "Asante, Mwalimu. Tutaongea tukionana." Nimelisoma jibu hilo mara nyingi sana nikitafuta kilichofichwa ndani yake. Ni adabu? Ni mlango umefungwa taratibu? Unaona nilivyo. Mtu anaweza kuujua ugonjwa wake kwa jina na bado ukamwamsha asubuhi.

Kwa hiyo usidhani ninakuandikia kama mtu aliyepona. Hiyo nchi siiamini. Niliona ile fomu ya kazi ya uuguzi uliyojaza, mahali wanapouliza asili yako. Weupe waligawanyiwa visanduku vyao vizuri, huyu Mwingereza, huyu Mwairishi, huyu wa kwingineko. Wewe ulipewa kisanduku kimoja tu na bara zima: Mwafrika. Mmeru, Mmbeere, Msomali, Mzulu, wote humo. Uliweka alama ukaendelea. Mimi niliikumbuka kalamu ya yule wa kigoda.

Watakuuliza umetoka wapi. Mzee utakayekuwa unamfunga bandeji atakuuliza, na ukimjibu atauliza tena, "Lakini hasa, hasa?" Wengine watauliza kwa upendo na wengine ili wajue wakuweke wapi, na mara nyingi hutaweza kuwatofautisha, mimi nimeshindwa nikiwa na mvi. Mjibu. Mwambie Meru kwa baba, Mbeere kwa mama, na usiharakishe hilo la pili kama mimi nilivyokuwa nikiliharakisha mbele ya wageni. Kisha nawe muulize yeye, na ungoje jibu. Atakayekuambia amekuwa pale siku zote, usimwamini, lakini usimkamate shati. Huwezi kujua ni jibu la kiburi au ni jibu la mtoto aliyeachwa mlangoni.

Sikuambii uache kushuku. Kushuku kumenisaidia, nisikudanganye. Hakuna aliyewahi kuniuzia shamba hewa, na kijijini wananiita mtu asiyedanganywa. Lakini pia nimeishi mwendo wa saa moja kutoka kwa dada yangu wa tumbo moja, na watoto wangu wakakua bila kuonja chakula cha mkono wake. Ningekuwa nimedanganywa mara tatu na nikamwamini Salim mara moja, leo ningekuwa tajiri zaidi.

Hukuniuliza tena kama nimekubali. Baada ya lile "sawa" langu uliacha, nami nikajificha kwenye ukimya wako. Nimekubali, Gakii. Ningependa ulisikie kwa sauti, na kesho asubuhi nitajaribu kulisema mbele ya mama yako, lakini unanijua, kwa hiyo ninaliandika.

Jambo la mwisho. Leo adhuhuri simu yangu ililia, na ilikuwa Karimi. Hajawahi kunipigia tangu simu ziingie nchi hii. Alisema atafika hapa kesho saa kumi na mbili asubuhi kukuaga. "Siji kwa ajili yako," akaniambia, nikasema najua. Alikuwa karibu kukata, halafu akauliza, "Huyo kijana, mama yake anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Nilikuwa na Wadeni na Wanormani, na asili ya jina lake, na barabara iliyompa baba yake jina. Nikasema, "Sijui."

Nilisikia maji yakipita kwenye mfereji wake. Kisha simu ikakatika.

Basi ukifika, kabla hujaniambia baridi ikoje, mwambie Edwin ninaomba kujua jina la mama yake. Akitaka kuniambia yeye mwenyewe, anipigie, saa yoyote. Akikataa, usimlazimishe wala usimkasirikie, ana haki. Mimi nitangoja.

Baba yako.